Doa Upande Wake wa Kitanda

Doa la kwanza nililiona kwenye shiti, upande wa mke wangu. Mke wangu alikuwa amekufa miaka sita iliyopita.

Lilikuwa dogo, ukubwa wa punje ya kahawa, rangi ya chai iliyolala kwenye kikombe. Ilikuwa Julai, mwezi ambao ukungu huteremka kutoka mlimani na kukaa juu ya mashamba yetu hadi saa tano, na mtu husikia kikohozi cha jirani asimwone jirani. Nilisimama na shiti mkononi nikatazama dari. Mabati yetu ni ya zamani na yana kutu, nikasema labda yamevuja. Lakini mvua haikuwa imenyesha, na ubao wa dari ulikuwa mkavu.

Kwa miaka thelathini na minane nililala upande wa mlango, naye akalala upande wa dirisha. Alipokufa sikuhama. Kila asubuhi niliutandika upande wake na kuunyoosha mto wake, na usiku nililala ukingoni kwangu, mbali nao, kama mtu anayempisha mwenzake.

Nilifua shiti, nikatandika nyingine. Asubuhi iliyofuata doa lilikuwa palepale, mahali ambapo kifua cha mtu huangukia akilala. Siku ya tatu halikuwepo, nikashukuru. Siku ya nne yalikuwa mawili.

Ningekuwa nimeona doa hilo mahali pengine, nisingeogopa. Mimi ni mfugaji. Damu, kinyesi na maziwa ni vitu vya kila siku. Lakini rangi ile niliijua, na ukubwa ule niliujua. Nilikuwa nimewahi kuonyeshwa doa kama lile, na mwenye kunionyesha alikuwa yeye.

Mke wangu hakuwa wa huku Nyeri. Alitoka magharibi, akaletwa na serikali kufundisha shule ya msingi ya kijiji chetu, nami nikamwoa. Kwa sababu hiyo nyumba yetu iliongea Kiswahili, chake kizuri na changu cha kuokota. Alizaa mara moja tu, msichana, ambaye alipokua alipata kazi katika hoteli moja Nanyuki. Tulibaki wawili, na ng'ombe wanne.

Lazima nieleze kikombe, maana bila kikombe mambo haya hayaeleweki. Kabla ya kukamua, mfugaji mwangalifu huchukua matone ya kwanza ya kila chuchu ya ng'ombe, akayamwaga kwenye kikombe kidogo kilichofunikwa kitambaa cheusi. Maziwa ni meupe, kitambaa ni cheusi, kwa hiyo kukiwa na madonge utayaona mara moja, nawe utajua kiwele kinaugua kabla ng'ombe mwenyewe hajajua. Nilifundishwa hivyo na afisa wa mifugo nikiwa kijana, na sikukosa hata asubuhi moja. Majirani walikuwa wakiniletea ng'ombe zao niziangalie. Nilijivuna kwa hilo. Naliandika hapa ili lijulikane.

Asubuhi moja mke wangu alikuja bandani kabla hajaenda shule, ameshika sidiria yake iliyokunjwa.

"Mzee, hebu angalia hii."

"Ni nini?"

"Si ndiyo nakuuliza? Wewe si ndiye daktari wa maziwa?"

Ndani ya sidiria, upande wa kushoto, kulikuwa na doa. Punje ya kahawa. Chai iliyolala.

"Umeanza kutoa maziwa?"

"Kwa nani? Sijanyonyesha mtu tangu huyo msichana, na saa hizi anapikia wazungu Nanyuki."

"Inauma?"

"Haiumi."

"Iko na joto?"

"Haina."

"Basi si ugonjwa wa kiwele," nikasema. "Kiwele kikiugua kinauma, kinakuwa moto, na maziwa inatoka na madonge."

Alicheka hadi ng'ombe akageuka. "Ati kiwele! Kweli wanaume wa huku! Ng'ombe akikohoa mnaita daktari. Bibi akikohoa mnamwambia avae sweta."

"Wacha mchezo. Lete hapa tuone."

Alitazama mlangoni, ambako kulikuwa na ukungu tu. Kisha akampa ng'ombe mgongo, kana kwamba ng'ombe ni mtu wa kuonewa haya, akafungua vifungo na kuminya juu ya kikombe changu. Yalitoka matone mawili. Nilikiinamisha kuelekea mwangaza kama nifanyavyo siku zote. Niliona unyevu tu.

"Hakuna madonge," nikasema. "Ni maji tu. Uko sawa."

"Una hakika?"

"Nimekamua miaka mingapi?"

"Ng'ombe, ndiyo."

"Basi."

Nikampa kopo la mafuta ya kukamulia, yale tunayopaka kwenye chuchu za ng'ombe zisipasuke. Huku kwetu watu wengi hujipaka mikononi na hata usoni wakati wa baridi, kwa hiyo si jambo la ajabu. Alijipaka kila siku. Harufu ya mafuta hayo ndiyo harufu niliyobaki nayo ya mwaka wake wa mwisho wa uzima, harufu ya banda langu juu ya ngozi yake.

Alirudi na swali lake mara mbili zaidi, na mara zote mbili nilileta kikombe. Mara ya tatu alisema anataka kwenda mjini amwone daktari. Nilimwambia angoje kidogo mtamba wetu azae ndama wake wa kwanza, maana nisingeweza kumwacha peke yake. Alingoja. Mtamba alizaa vizuri, ndama jike. Wakati huo ngozi ya titi lake ilikuwa imeanza kuvutwa ndani, kama kitambaa kilichoshonwa na uzi uliokazwa sana, na kwapani kulikuwa na uvimbe mgumu kama mbegu ya parachichi. Tulipofika hospitali, saratani ilikuwa imetembea.

Hakunilaumu, si mbele ya msichana wala tukiwa wawili. Ila siku moja, akiwa amelala wodini na macho yamefumbwa, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mwalimu aliyegundua kosa kwenye hesabu ya ubaoni:

"Mzee, kikombe chako kilikuwa cheusi."

Nilidhani ni dawa zinazoongea. Nikamwambia, "Lala, mama."

Siku ya mazishi, binti yetu aliniuliza kwa nini mama yake alificha ugonjwa hadi ukamshinda. Majirani walikuwa wameshasema hivyo jikoni, kwamba wanawake huficha mambo ya kifua kwa aibu. Ningeweza kumjibu kwa maneno matatu. Nikamwambia, "Mama yako alikuwa mtu wa siri."

Kwa miaka sita binti yangu aliishi na sentensi hiyo. Akija nyumbani hupita kando ya kaburi bila kugeuza shingo. Nyasi ilipoota juu yake, mimi ndiye niliyeing'oa. Siku moja nilimsikia akimwambia rafiki yake kwenye simu, "Mama alijiua na aibu yake mwenyewe." Nilikuwa nimebeba nyasi ya ng'ombe, nikaendelea kutembea.

Kwa hiyo madoa yalipoanza kuja kwenye shiti, upande wake, niliamini amekuja kwa sababu ya sentensi hiyo. Mimi ni mtu wa kanisa na mambo ya namna hii hatuyasemi kwa sauti. Lakini nilipiga magoti upande wa dirisha, si upande wa mlango, na katika sala yangu nilijikuta nikimwambia yeye badala ya kumwambia Mungu. Nikamwomba aache. Asubuhi yake doa lilikuwepo, bichi, na nilipoligusa kidole kilipata ubaridi.

Nilianza kufua kila siku. Nilianika nyuma ya nyumba, mahali mpita njia haoni, na katika ukungu zile shiti zilisimama kama foleni ya watu wasio na vichwa. Bandani ng'ombe mkubwa, ambaye ndiye yule mtamba wa siku zile, alianza tabia mpya. Nikishika kikombe, aligeuza shingo na kutazama mahali ambapo mke wangu alikuwa amesimama akifungua vifungo. Labda kulikuwa na panya. Nilijiambia kuna panya.

Halafu asubuhi moja nilikuwa nimeinama nikikamua, paji la uso likiegemea ubavu wa ng'ombe, nikahisi ubaridi kifuani, upande wa kushoto, kama mtu amenigusa na ncha ya kidole kilichotoka majini. Nilikuwa nimevaa fulana nyeusi niliyolala nayo, fulana nyembamba iliyochakaa. Niliingiza mkono chini yake. Chuchu yangu ilikuwa na majimaji.

Sikupiga kelele. Mkono wenyewe ulienda kwenye kikombe, kwa mazoea. Nikavuta fulana juu, nikaminya juu ya kitambaa cheusi, likatoka tone moja. Nikakiinamisha kuelekea mwangaza. Niliona unyevu tu.

"Hakuna madonge," nikasema kwa sauti. "Uko sawa."

Yalikuwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile, na ng'ombe akageuka vilevile. Nilichukua kitambaa cheupe cha kuchujia maziwa nikafuta kikombe, haraka, kama mwizi anayefuta alama ya mguu. Nilipokikunjua kile kitambaa cheupe, katikati yake kulikuwa na doa la chai iliyolala.

Nilikaa kwenye kigoda nikashika kikombe mkono huu na kitambaa mkono huu. Juu ya cheusi, damu haionekani. Mara tatu nilimwambia mke wangu yuko sawa, na mara tatu damu yake ilikuwa mbele ya macho yangu. Aliligundua hilo akiwa kitandani anakufa, akaniambia, nami nikamwambia alale.

Mtu angefikiri niliondoka hapo moja kwa moja hadi hospitali. Sikuondoka. Nilificha siku kumi na moja. Nilijiambia wanaume hawaugui titi. Nilijiambia mzee mwenye doa kifuani atachekwa soko zima. Na sababu yenyewe ilikuwa kwamba daktari angeuliza kuhusu mke wangu, na binti yangu angekuwa amekaa hapo. Nilijua vizuri ninachochagua. Nilikuwa tayari kufa na ile sentensi kuliko kuikanusha mbele yake.

Mwisho wa mwezi binti yangu alikuja kwa likizo ya siku tatu. Asubuhi ya kwanza aliniletea chai chumbani, jambo ambalo hafanyi, kwa sababu aliona nimechelewa kuamka. Nilipofumbua macho alikuwa amesimama akinitazama na kikombe mkononi.

"Baba, tangu lini unalala upande wa Mama?"

"Mimi silali upande wake."

"Ati hulali? Baba, angalia uko wapi."

Nilitazama. Dirisha lilikuwa karibu na uso wangu. Nilikuwa nimeukumbatia mto wake kifuani. Sikumbuki kuvuka. Hadi leo sikumbuki hata usiku mmoja nikivuka, lakini lazima nilivuka usiku baada ya usiku, nikarudi kwangu kabla ya kuamka, nikamwachia damu yangu.

Binti yangu aliinua mto, akaona. Akaenda nyuma ya nyumba akaona shiti zilizoanikwa. Akarudi.

"Hii damu inatoka wapi?"

Huku kwetu baba na binti hawataji kifua. Neno kama hilo hupitia kwa shangazi, na shangazi yake, dada yangu, alikuwa ameshazikwa. Nilisema, "Ni kidonda tu."

"Kiko wapi?"

Nikagusa fulana kwa nje, nikatazama ukutani.

"Kwa chuchu?" Alilitua neno hilo katikati ya chumba kama mzigo wa kuni.

"Wanaume hawana hiyo ugonjwa," nikasema.

"Baba, uko na chuchu ama huna? Basi. Vaa viatu."

Kliniki ilikuwa na mabenchi matatu, yote ya wanawake. Mama mmoja mwenye kikapu aliniambia kwa upole, "Mzee, wanaume wanaongojea wake zao wako huko nje."

"Mgonjwa ni yeye," binti yangu akasema.

Wanawake wote walinitazama kifuani, kisha wote kwa pamoja wakaacha kutazama. Yule mwenye kikapu akasogea. "Keti hapa, mzee. Leo wewe ni wetu. Lakini ukiitwa kabla yangu nitalalamika."

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu. Alinipapasa titi na kwapa bila haraka, akaweka pamba nyeupe chini ya chuchu, na pamba ilipobadilika rangi aliiangalia kwa muda mrefu.

"Umekuwa ukiminya?"

"Kidogo."

"Usiminye tena. Unalichokoza titi. Tunachotaka kujua ni kama majimaji yanatoka yenyewe."

Akatueleza, na mimi naandika nilivyoelewa. Kila mtu ana titi, mwanamume ana dogo. Si kila majimaji ni saratani. Ya maziwa, yakitoka pande zote mbili, yanaweza kuletwa na dawa au na homoni. Ya kijani au kijivu mara nyingi ni mirija iliyozeeka. Usaha na joto ni maambukizi. Lakini yakija yenyewe, upande mmoja, yakiwa ya damu au yasiyo na rangi kama maji, mtu asikae nyumbani, na mwanamume asikae nyumbani kwa rangi yoyote. Akasema kwa wanawake hata damu mara nyingi hutokana na kijinyama kidogo ndani ya mrija, kisicho na ubaya, kinachotolewa na mtu akaenda zake.

Hilo ndilo lililonivunja. Siku mke wangu aliponionyesha doa la kwanza, huenda lilikuwa hilo tu. Au lilikuwa saratani ikiwa bado ndogo. Sitajua kamwe.

"Kuna mtu katika familia amewahi kuugua titi?" daktari akauliza.

"Mama," binti yangu akajibu. "Lakini alificha hadi ikachelewa."

Daktari akashusha kalamu aandike. Niliona ncha inaelekea karatasi.

"Hakuficha," nikasema.

Binti yangu akageuka.

"Alinionyesha siku ya kwanza. Alinionyesha mara tatu. Mimi ndiye nilimwambia yuko sawa. Nilimwangalia na kikombe ya ng'ombe, ile nyeusi, na damu haikuonekana. Akataka kuja hospitali, nikamwambia angoje ng'ombe azae. Hakuwa mtu wa siri. Mimi ndiye nilisema hivyo."

Binti yangu alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka. Daktari aliandika kwa muda, akaniambia nitapigwa picha na kutolewa kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Na huyo binti, kwa sababu ya mama na sasa kwa sababu yako, lazima aangaliwe mapema. Mwambie." Nikamwambia sijui kama atanisikia tena.

Nilimkuta kando ya ua wa hospitali. Ukungu ulikuwa bado haujainuka.

"Miaka sita, Baba," akasema. "Miaka sita nimekasirikia mtu ambaye hana makosa. Na wewe unaona tu."

"Nilikuwa naona."

Hakulia. Tulirudi nyumbani. Tulipofika hakuingia ndani. Alienda moja kwa moja kaburini na nguo zake za mjini, akapiga magoti, akaanza kung'oa nyasi. Nilimtazama kutoka mlangoni. Ukungu ulimfunika kidogo kidogo, na ulipobaki mgongo tu, mgongo ule ulikuwa wa mama yake siku ile alipompa ng'ombe kisogo. Kisha nikaona migongo miwili. Najua macho ya mzee ni macho ya mzee. Lakini sikuita, nikangoja ukungu uondoke, na ulipoondoka alikuwa mmoja, na kaburi lilikuwa safi.

Ilikuwa saratani, ndogo, haijafika kwapani. Walinitoa titi la kushoto, na sasa nina kovu refu na kidonge cha kila siku. Daktari anasema tumefika kwa wakati. Binti yangu alipigwa picha, wakamwambia hakuna kitu, arudi kila mwaka.

Hajanisamehe, na sijamwomba aharakishe. Ila jioni za Jumapili hupiga simu kutoka Nanyuki. Swali lake ni lilelile.

"Baba, umeangalia upande uliobaki?"

"Nimeangalia. Hakuna kitu."

"Na kitambaa gani?"

"Nyeupe."

Shiti sasa ni safi. Nalala upande wa dirisha, kwa kujua, na bado kila asubuhi naikunjua na kuitazama kabla ya kutandika. Kikombe kiko bandani, cha ng'ombe. Jumapili iliyopita, kabla hajakata simu, nilimuuliza jambo ambalo baba wa huku hamuulizi binti yake.

"Na wewe, mama? Umejiangalia?"

"Ngoja," akasema. Nikasikia akiweka simu mezani, nikasikia mlango ukifungwa, nikangoja.